Nyoka Aliyekuja kwa Kilio cha Oshino

Haya, mmeshinda. Tangu asubuhi mvua imewafungia ndani, na tangu asubuhi mnanisumbua: bibi tutishe, bibi tutishe. Mimi nachambua maharage, ninyi mnanivuta kanga. Sasa ntawatisha. Ila mtu akikojoa kitandani leo asije akanitaja kwa mama yake, mimi simo. Makame, toka mlangoni, unanizibia mwanga. Kaa. Na miguu uikunje.

Kisa hiki alinipa marehemu babu yenu. Mnajua alikuwa mpishi wa meli za mizigo. Basi safari moja meli yao iliharibika injini huko Japani, wakakwama bandarini msimu mzima wa theluji, naye akawa anakwenda kuota moto kwa bibi kizee mmoja muuza supu. Huyo bibi ndiye mwenye kisa. Kama kaongeza chumvi, kaongeza yeye. Mimi naipokea na kuipitisha.

Nikisema kale, ninyi semeni tuipate. Kale, na kale ya kale! ... Sauti gani hiyo, mna njaa? Kale, na kale ya kale! ... Hapo sawa.

Zamani, zamani za mbali, milima ilipokuwa ikiitwa ikaitika, na mito ikiwajua watu kwa majina, palikuwa na kijiji kikiitwa Mizukura. Kilikaa bondeni, milima huku, milima kule, na chini yake mto mweusi. Watu wake walikuwa wakulima wa mpunga. Wakilima, wakivuna, na wakisha kuvuna, wakicheza ngoma.

Si ngoma ya kukata viuno, Subira, usinitazame hivyo. Ngoma yao ilikuwa hadithi. Mtu anavaa kinyago cha mbao, anavaa joho zito lenye nyuzi za dhahabu, anapanda jukwaani mbele ya hekalu lao, na kwa kucheza tu anawaonyesha watu mambo ya miungu yao ya tangu na tangu. Ngoma inalia, filimbi inalia, na yule uliyemwona jana akichunga ng'ombe leo ni mungu, na hata mkewe haruhusiwi kumwita jina lake.

Na hadithi waliyoipenda kuliko zote ni ya nyoka wa vichwa vinane.

Nyoka huyo, wasemavyo wao, aliishi mtoni. Kila mwaka alipanda hadi nyumbani kwa mzee mmoja na mkewe, akala binti yao. Mwaka huu binti, mwaka kesho binti, mpaka akabaki mmoja tu, wa mwisho. Ndipo akaja mungu wa tufani. Akawaambia wale wazee, jazeni mapipa pombe ya mchele, myapange hapa nje. Nyoka akaja, akatumbukiza vichwa vyote kwenye mapipa, akanywa, akalewa chakari, na mungu akachomoa upanga akamkatakata. Yule binti akamwoa. Hadithi kwisha.

Kila mwaka ilikuwa hayo hayo. Vijana wanaingia ndani ya nyoka wa mianzi na karatasi, nyoka anacheza, anakunywa mapipa yasiyo na kitu, anakufa, watu wanapiga makofi na kwenda kula.

Lakini palikuwa na mwiko. Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye mambo. Wale wanaocheza mzee na mkewe, wale wa kuwalilia mabinti zao, walichaguliwa watu ambao hawajapata kuzika mtoto. Na walitakiwa walie kwa kuchekesha. Wanapakwa unga usoni, wanakamua mikono ya joho kana kwamba imelowa machozi, wanapenga kamasi, wanalia hii hii hii, na watu wanavunjika mbavu.

Kwa nini? Kwa sababu wazee wa Mizukura walisema nyoka yule hakufa. Kalala chini ya mto. Kila mwaka akisikia ngoma yake anaamka na kutega sikio. Anasikia mtu analia, anasikia watu wanacheka, anajua ni mchezo, anageuka ubavu wa pili, analala. Kilio cha majumbani hakimhusu. Lakini siku atakayosikia ndani ya ngoma ile mzazi analia kweli, atajua kuwa kaandaliwa chakula.

Hamnivuti kanga tena. Vizuri.

Sasa mkuu wa ngoma alikuwa Mzee Genzo. Yeye ndiye aliyechonga vinyago, yeye ndiye aliyecheza mungu wa tufani, na alicheza, wanangu, alicheza! Ila alikuwa na kiburi cha kazi yake. Mwaka mmoja alikwenda kutazama ngoma ya kijiji cha jirani, akaona watu wazima wanalia machozi. Bwana mkubwa wa wilaya alikuwapo, na yeye analia. Genzo akarudi Mizukura hana raha. Kwake, watu walikuwa wakicheka na kutafuna njugu.

"Na wao watalia," akasema. "Mwaka huu nataka walie mpaka mikeka ilowe."

Basi akaenda kwa Oshino.

Huyu Oshino alikuwa mjane. Alikuwa na mabinti watatu: Ofuji, Osen na Omitsu. Ukaja ugonjwa wa ndui. Akazika Ofuji, na udongo haujakauka akazika Osen. Akabaki Omitsu peke yake, kasichana kembamba hivi, kama huyu Subira wetu, na makovu mawili ya ndui kwenye paji la uso.

Na majirani wa Oshino, Mungu awasamehe, walimchoka. Mwanzoni walikuja na wali, na kuni, na pole. Kisha wakaanza: "Mama Omitsu, basi, inatosha. Unatutia mkosi. Unaye mmoja, shukuru." Kwa hiyo Oshino akajifunza kulia ndani ya godoro. Anaziba mdomo kwa godoro, analia humo. Genzo alikuwa kapita nje ya nyumba yake akamsikia, na kile kilio kilimkaa moyoni. Mtu mwingine angeingia kumfariji. Genzo alisimama nje akafikiria jukwaa lake.

Akabisha hodi.

"Mama Omitsu, nataka ucheze mama wa binti mwaka huu, peke yako, bila mzee."

"Mimi? Mzee Genzo, mimi nimezika. Unaujua mwiko."

"Mwiko ni maneno ya wazee waliokuwa hawajui kuigiza. Na binti awe Omitsu. Atakaa mbele yako, utamshika, utamlilia."

Genzo akamsogelea, akasema kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa mbaya: "Pale jukwaani hakuna atakayekwambia inatosha. Utalia unavyotaka. Utalia mpaka ushibe. Na sisi sote tutanyamaza tukusikilize."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Usinijibu haraka. Mwanamke yule alikuwa kabeba msiba kifuani hana pa kuutua. Akakubali.

Genzo akampa sharti moja. "Kwenye mazoezi usilie. Machozi yaweke. Siku yenyewe uyamwage."

Siku yenyewe ikafika. Haikuwa usiku, msidhani. Ilikuwa alasiri, jua linawaka, mpunga umeanikwa, watoto wamepandishwa mabegani. Bwana mkubwa kaletwa kwa kiti chake, kaketishwa mbele. Ngoma ikaanza, du, du, du. Filimbi ikaingia juu yake. Genzo kavaa kinyago chekundu chenye ndevu, upanga wa mbao kiunoni, anangoja zamu yake pembeni. Nyuma ya pazia kijana mmoja, Kansuke, kiongozi wa wacheza nyoka, yuko na wenzake wanafunga kamba za mianzi.

Oshino akaingia na unga usoni, kamshika Omitsu mkono. Watu wakaanza kucheka kwa mazoea, maana waliaji wakiingia huchekwa. Akapiga magoti. Akamvuta mwanawe kifuani. Akafungua mdomo.

Yallah! Hakikuwa kilio cha mchezo. Kilitoka chini kabisa, huko alikokizika. "Ofuji wangu! Osen wangu! Wamechukuliwa wote, na huyu naye mnamchukua!" Machozi yakachimba mifereji kwenye unga. Kicheko kikakatika. Bwana mkubwa akainama. Wanawake wakaanza kufuta macho, wale wale waliomwambia inatosha. Hata mpiga ngoma akalia huku anapiga.

Na Genzo, ndani ya kinyago chake, alikuwa anatabasamu.

Kisha wakagundua kwamba hawasikii mto.

Mto ule ulikuwa na kelele mchana na usiku, mtu wa Mizukura alizaliwa nao masikioni. Ukanyamaza. Ukaja ukungu kutoka bondeni, na ndani ya ukungu harufu ya tope la chini, lile tope ambalo halijaona jua. Jua likawa jeupe, halina joto. Watoto wakashushwa mabegani.

Na nyoka akapanda jukwaani.

Alitokea upande wa mto, siyo upande wa pazia. Akaja taratibu, anajikunja na kujikunjua, vichwa vinane vinakwenda huku na kule, na watu wakafurahi! Naam, walifurahi, hawakujua. "Jamani, mwaka huu Kansuke kamtengeneza!" "Ona magamba yanavyong'aa!" "Wamemlowesha maji, wajanja hao!" Wakapiga makofi.

Nyuma ya pazia Kansuke akasikia makofi. Akashangaa. Yeye na wenzake wako hapo, kamba hawajamaliza, nyoka wao wa karatasi kalala chini. Akapenyeza jicho kwenye pazia. Akarudi nyuma, midomo mieupe.

"Jamani," akasema, "kama sisi tuko huku, yule ni nani?"

Sogeeni, sogeeni, njooni karibu na bibi. Makame mwenye kuomba atishwe, mbona umejifunika gubigubi?

Kansuke akatoa kichwa nje ya pazia akapiga yowe: "Si sisi! Jamani, si sisi!" Hapo ndipo watu walipoelewa. Waliokuwa nyuma walikimbia. Waliokuwa mbele walibaki, siyo kwa ushujaa, miguu ilikataa.

Genzo akatoka, maana ndiye mungu wa tufani, atafanyaje? Akasukuma mapipa mbele. Nyoka akainamisha kichwa kimoja kwenye pipa, akanusa, akainua. Pipa halikuwa na kitu. Akanusa la pili. Halikuwa na kitu. Akayaacha. Genzo akapiga kelele za mungu, sauti yake nzito ya jukwaani, akachomoa upanga akamshukia kwenye shingo, kwaa! Upanga wa mbao ukavunjika mkononi. Nyoka hakugeuka hata kumtazama. Huyo hakuja kwa ajili ya Genzo.

Alikuja kwa ajili ya Omitsu. Akamzunguka yeye na mama yake, mara moja, polepole, kama mtu anayefunga mzigo. Vichwa vyote vikashuka kumtazama yule mtoto.

"Mama," Omitsu akasema kwa sauti ndogo. "Mama, ananipulizia."

Na Oshino, mama wa watu, afanye nini? Akamkumbatia zaidi, akalia zaidi. "Mwanangu! Mwanangu wa mwisho!" Na kadiri alivyolia, ndivyo nyoka alivyonenepa. Magamba yanakaza, macho yanawaka. Genzo, aliyekuwa kaanguka chini, akaliona hilo. Akavua kinyago akakitupa. Uso wake ulikuwa uso wa mzee mwenye hofu, basi.

"Oshino!" akapiga kelele. "Acha kulia! Anakula kilio chako!"

"Nitaachaje? Anamchukua!"

"Basi lia kwa mchezo! Lia kama wachekeshaji! Wachekeshe watu, Oshino, ajue ni mchezo!"

"Nimcheke nani, Mzee Genzo? Wanangu?"

"Wanao, ndiyo! Wanao! Nakuomba! Kosa ni langu, mimi nitalibeba, lakini wewe chekesha!"

Kichwa kimoja kilishafungua mdomo. Ulimi ukamgusa Omitsu kwenye yale makovu ya paji la uso.

Oshino akamwachia mwanawe. Akasimama. Akakamata mkono wa joho lake, akaukamua kana kwamba unatiririka maji. Akapenga kamasi, prrr! Akatoa ile sauti nyembamba ya wachekeshaji: "Hii hii hii! Ofuji wangu mie! Mlafi yule! Alikula viazi vya kijiji kizima, nyoka umemla wewe utajuta, utaharisha mpaka kiama! Hii hii hii!"

Hakuna aliyecheka. Nani acheke?

Akarukaruka, akajipiga makalio. "Na Osen wangu! Hii hii! Alikuwa anakoroma yule, paa linainuka! Nyoka wewe, umemmeza? Basi hutalala tena, atakukoromea tumboni!" Uso wake, yule bibi muuza supu kasema, uso wake ulikuwa wa kutisha kuliko nyoka. Mdomo unacheka, macho yanamtoka. Alikuwa anawachukua watoto wake mmoja mmoja kutoka mahali alipowaweka salama, na kuwafanya kichekesho mbele ya watu.

Nyoka akasita. Vichwa vinane vikatazamana.

Na aliyecheka wa kwanza alikuwa Omitsu. Ndiyo! Yule yule aliyezungukwa. Maana ilikuwa kweli, Osen alikuwa anakoroma, walilala godoro moja, yeye ndiye aliyekuwa akimpiga teke. Kikamtoka kicheko kidogo, katikati ya hofu, pffh! Kansuke nyuma ya pazia akakisikia, akacheka kwa nguvu, kwa makusudi, ha ha ha! Genzo akacheka huku analia. Bwana mkubwa akacheka. Wakacheka wote, jamani, wakacheka kwa woga, wakipiga mikeka, wamekodoa macho, hakuna anayefurahi na wote wanacheka.

Oshino akaendelea. Hakuacha. Akawataja tena na tena, Ofuji na Osen, Osen na Ofuji, kila mara kwa dhihaka mbaya zaidi.

Nyoka akamtazama. Macho yakafifia. Akashusha vichwa vyake kimoja kimoja, kama mtu aliyeamshwa bure, akalegea. Magamba yakawa majani ya mtoni. Shingo zikawa matete. Yote yakaporomoka jukwaani, tope na matete na maji baridi. Na mto ukaanza tena kelele yake.

Omitsu alikuwa mzima. Nasema mzima, mkono kwa mguu. Watu wakalifagia lile tope wakalirudisha mtoni, na hakuna aliyetaka kuligusa kwa mkono. Genzo hakuvaa tena kinyago maisha yake yote. Akawa anapiga deki hekaluni, akiulizwa habari za ngoma anaondoka.

Mnadhani kimekwisha? Hakijaisha. Kaa chini, Subira.

Kesho yake Oshino akaenda makaburini. Majirani sasa walikuwa wamepata haya, wakamwambia nenda, lia, hakuna atakayekusema. Akapiga magoti kwa Ofuji. Akafungua mdomo alie.

Ikatoka: "Hii hii hii."

Akajiziba mdomo. Akangoja. Akahamia kwa Osen, akamwita jina lake kwa upole, jina tu, na ikatoka tena ile ile, ile sauti nyembamba ya mchekeshaji, hii hii hii, juu ya kaburi la mwanawe. Machozi hamna. Macho makavu kama ya samaki mkavu wa ng'onda. Alijaribu kesho yake. Alijaribu mwaka uliofuata. Kilio chake nyoka alikwisha kula chote, au yeye mwenyewe alikichoma kumwokoa mwanawe, ninyi mtachagua. Hakikurudi.

Basi akawa anakwenda makaburini na Omitsu. Wanafika, wanafagia, wanaweka wali kidogo. Kisha Oshino anakaa pembeni, anakunja mikono, anamwambia bintiye: "Lia wewe, mwanangu. Mimi nisikie."

Na Omitsu analia, kwa ajili ya dada zake na kwa ajili ya mama yake, na mama yake anafumba macho anasikiliza.

...

Haya, pengeni kamasi. Mlitaka kutishwa, siyo? Mimi huyo nyoka hanitishi sana. Linalonitisha ni lile neno "inatosha." Wangemwacha yule mama alie nyumbani kwake mpaka mwisho wake, asingelipeleka kilio chake kwenye ngoma ya watu, na Genzo asingekuwa na cha kuiba. Kwa hiyo mnisikie. Mtu akifiwa, mwacheni alie. Msimhesabie siku, msimfanye onyesho, msimwambie shukuru umebaki na huyu. Kaa naye, umshike mgongo, unyamaze. Hata kama ni mtoto mwenzako. Hata kama ni mimi.

Kisa changu nakiweka chini, mguu wake mmoja Japani, mmoja hapa jikoni. Aliyekisikia akibebe, aliyesinzia ni shauri yake. Nipeni hilo sufuria, maharage hayajiivishi.